Gari Lisilohitaji Mguu

Mzee Nassoro alingoja hadi kila mtu amiminiwe chai, ndipo akasema kwamba anataka kununua laptopu, na si laptopu yoyote bali inayoweza kucheza gemu.

Hakuna aliyecheka. Mwanawe mkubwa, Issa, aliyekuwa amepanda hadi Malindi, kijiji chao cha milimani Lushoto, na Kanta yake, lori dogo la kubebea kabichi, alidhani baba yake amekosea neno. Sabra, binti wa mwisho, mchapaji wa barua katika ofisi moja ya Lushoto mjini, aliweka kikombe chini akamtazama mama yake. Mama yao, Mwajuma, alikuwa amekaa kizingitini akimenya viazi. Hakuinua uso.

"Laptopu ya nini, baba?" Issa aliuliza.

"Ya gemu la malori. Unaendesha lori, unabeba mzigo, unapeleka."

"Unapeleka wapi?"

"Unakoambiwa."

Asubuhi ile mpasuaji mbao alikuwa amelipa fedha za misindano iliyosimama mlimani juu ya nyumba, miti ambayo Nassoro aliipanda mwenyewe enzi anaendesha basi la Mtae. Familia nzima ilijua fedha zile zina kazi gani. Kwanza mabati ya jikoni, ambako mvua ilikuwa ikiingia hadi mafigani. Pili dawa zake za kisukari. Kilichobaki Issa alishakipangia: duka la pembejeo pale njia panda, mbegu na mbolea na dawa za kupulizia nyanya, na baba akae kaunta.

"Tumeshazungumza habari ya duka," Issa alisema taratibu, kama anayezungumza na mteja mgumu. "Miaka hii kila kitu ni biashara, baba. Serikali yenyewe imeuza mashirika yake. Mtu akikaa tu, anaoza."

"Nimekaa tangu nitoke hospitali. Sijaoza."

"Gemu ni la watoto!"

"Wewe uliwahi kuniona naendesha basi kitoto?"

Sabra alicheka, kisha akaziba mdomo kwa mtandio. Nassoro akaona kwamba lazima aeleze, na kueleza hakukupenda. Aliinua mkono wa kulia juu ya meza ya chai, vidole vimetandazwa.

"Kule hospitali, Moshi, kitanda cha pili alilala kijana wa chuo, Timotheo, kavunjika nyonga. Alikuwa na mashine hiyo. Siku moja akaniwekea juu ya mto, akaniambia, mzee, wewe si dereva, hebu toa hili lori kwenye yadi. Nikamuuliza, mafuta nakanyagia wapi, na mguu wa mafuta ndio huo wamekata? Akasema, hapa hukanyagi, unabonyeza. Kidole hiki mafuta. Hiki breki." Alivishusha mezani kimoja kimoja. "Nikalitoa. Nikaingia barabarani. Issa, wiki ile yote sikumuuliza nesi mguu wangu wameuzika wapi."

Kisha akatoa mfukoni sidii iliyoviringishwa kwenye nailoni. Timotheo ndiye aliyemnakilia lile gemu, na ndiye aliyemkaririsha sentensi moja ya kumwambia muuzaji: iwe na kadi ya picha yake peke yake. Kadi hiyo ndiyo inayochora gemu bila kukwama; mengine, alisema, wasikubabaishe nayo.

Issa aliitazama ile sidii kama mtu anayeonyeshwa nyoka. Alikuwa na sura ya baba yake, na alikuwa mtu wa kazi. Kanta ile aliinunua kwa jasho lake, na Malindi hadi Mombo alijulikana. Wanunuzi wa Dar walimwita bosi.

"Watu watasema nini?" aliuliza.

"Watasema Nassoro kanunua gemu."

"Basi nunua. Lakini dawa zikiisha usinipigie simu."

Kisu cha Mwajuma kilisimama juu ya kiazi. Nje kuku aliparua vumbi. Mwajuma akasema, bila kugeuka, "Issa, chai yako inapoa," na Issa hakuinywa. Aliaga kwa heshima zote, kwaheri baba, kwaheri mama, kama anavyoagwa mtu asiye ndugu, akashuka na Kanta yake.

Usiku hawakulizungumza. Kulipokucha, Mwajuma alikuta mumewe ameshafunga mikanda ya mguu wa bandia na kuvaa koti lake la safari. Alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Mimi pia silipendi jambo hili, Baba Issa. Ujue hivyo. Mtu mzima na gemu, sijui nitaliweka wapi mbele ya wenzangu."

"Sikukuomba ulipende."

"Lakini Tanga nakwenda na wewe. Kama ni kuibiwa, tuibiwe wote."

* * *

Duka la kompyuta lilikuwa katikati ya mji wa Tanga, mlango wa kioo na feni mbili. Mwajuma alivua sweta alipoingia akalikunja kwapani. Alihisi watu wote wanaona kwamba wameshuka mlimani. Muuzaji alikuwa kijana wa tai aliyejitaja kuwa Paskali. Aliwaamkia vizuri, akawavutia viti, akamwinamia Mwajuma.

"Mjukuu yuko kidato cha ngapi, mama?"

"Hakuna mjukuu. Ni ya mzee."

"Ahaa. Ya kuandikia barua, hesabu za shamba..."

"Ya gemu," Nassoro alisema.

Tabasamu la Paskali halikuondoka, lakini lilibadilika, likawa lile ambalo watu wazima huwapa watoto wa wageni. Nassoro alilijua tabasamu hilo. Tangu alipokatwa mguu alikuwa amepewa mengi ya namna ile, msikitini, sokoni, hata na makondakta aliowafundisha kazi. Akaitamka sentensi ya Timotheo yote, bila kuruka neno.

"Iwe na kadi ya picha yake peke yake."

"Zote zinazo, mzee," Paskali alisema upesi. "Siku hizi hakuna isiyo nayo."

Akawaletea laptopu nyembamba ya rangi ya fedha, nyepesi, inameta. Alipoifungua, kioo kilionyesha kilima cha kijani na mawingu juu yake. Nassoro alitabasamu.

"Pazuri. Kama Magamba wakati wa masika."

"Hii imetoka Ulaya, imetumiwa na mtu mmoja tu, mwalimu. Bei yake ni ya kwenu, mzee. Ile pale inayofuata ni mara mbili."

Nassoro akatoa sidii, akaomba ijaribiwe. Paskali akanyoosha kidole kwenye feni, ambazo zilikuwa zikizunguka polepole zikielekea kusimama. Umeme ulikuwa umekatika wakati huohuo wakizungumza. Betri, alisema, ina chaji kidogo mno, ikiingizwa sidii itazima; waje kesho, au waamini.

"Tungoje umeme urudi," Mwajuma alisema.

"Unaweza kurudi saa mbili usiku, mama."

Nassoro aliangalia nje. Gari la mwisho la kupanda mlima lilikuwa halingoji mtu. Kigutu kilikuwa kinamwuma kwa joto, na mbele yake kijana mwenye tai alikuwa anamngoja kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomharakisha kuliko basi. Alitaka atoke pale kama mtu aliyekuja, akachagua, akalipa, akaondoka.

"Tumenunua," alisema.

"Baba Issa."

"Nimesema tumenunua."

Paskali aliwaandikia risiti, akaigonga mhuri mwekundu: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mwajuma hakusoma kwa haraka, lakini maneno yale aliyasoma yote, tena mara mbili.

* * *

Habari ilitangulia kufika. Walipowasha ile mashine kesho yake baada ya sala ya Ijumaa, sebule ilikuwa imejaa. Majirani walikaa hadi kwenye mikono ya makochi, wengine wamesimama barazani. Issa naye alikuwepo, amesimama karibu na kabati, mikono kifuani. Alikuja, alisema, kuleta magunia ya mama.

Nassoro alikuwa amevaa kanzu yake ya sikukuu. Aliingiza sidii. Mashine ikanguruma, ikanong'ona, kioo kikawa cheusi, na baada ya kusubirisha watu sana likatokea lori jekundu limeegeshwa uani, nyuma yake milima. Watu wakaguna kwa kustaajabu. Hata Mwajuma alisogea hatua moja.

Akabonyeza kidole cha mafuta.

Lori likakaa. Kisha likaruka mbele pasipo kupita katikati, likaganda. Likaruka tena. Ilikuwa kama mtu anakuonyesha picha za harusi, moja, anatafuta nyingine, anakuonyesha. Nassoro aliligeuza kulia. Lori lilisikia muda mrefu baadaye, likaingia kwenye ukuta. Kioo kikafifia, likatokea sanduku jeupe lenye maneno ya Kiingereza.

"Limesemaje?" aliuliza.

Sabra aliinama akasoma, akasita. "Linasema mashine haina kadi ya picha inayotakiwa, Tate," alimwambia baba yake.

"Rudia."

Akarudia kuwasha, na lori likaruka vilevile, na sanduku jeupe likatokea vilevile. Mtu mmoja barazani akaanza kucheka, na mwenzake akamdaka, na kicheko kikazunguka chumba kwa sababu watu walikuwa wamekishikilia tangu waingie. Hakikuwa kicheko kibaya sana. Kingekwisha chenyewe. Lakini Issa alikuwa bado na uchungu, na mbele yake walikuwa wamekaa wateja wake wawili.

"Mtanisamehe, jamani," aliwaambia watu. "Nilijua baba yangu amekatwa mguu. Sikujua kama na akili walikata."

Nassoro aliitazama kibodi. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya vibonyezo, mahali palepale alipofundishwa.

Mwajuma alipita katikati ya watu hadi kwenye kabati. Alikuwa mfupi, ikambidi ainue kidevu kumtazama mwanawe.

"Toka katika nyumba ya baba yako."

"Mama, ilikuwa ni maneno ya..."

"Nimesema toka. Magunia nitayachukua mwenyewe garini."

Na aliyachukua kweli, moja moja, mbele ya majirani wote, na hakumruhusu mtu kumsaidia.

Nassoro alivua kanzu, akalala akaelekea ukutani. Chakula cha jioni, ugali na mboga ya mshunga aliyokuwa akiipenda, kilirudi jikoni kama kilivyokuja. Alfajiri iliyofuata hakwenda msikitini. Hakuvaa mguu. Sabra alijaribu kumwambia kwamba mashine ile si mbaya, kwamba inafaa kwa kuchapa, anaweza kuinunua yeye kidogo kidogo kwa mshahara. Baba yake akamwambia, chukua, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayegawa nguo za marehemu.

Hilo ndilo lililomtoa Mwajuma jikoni. Mguu wa bandia ulikuwa umesimama pembeni mwa kabati la nguo. Aliuchukua, akaulaza kitandani kando ya mumewe.

"Vaa."

"Twende wapi?"

"Tanga."

"Wameandika hairudishwi."

"Wameandika wao. Sisi hatukuandika kitu."

Nassoro aligeuka akamtazama. Mwajuma alikuwa ameshavaa khanga ya kutokea, na laptopu ilikuwa mezani, amekwisha kuifunga kwenye sweta lake.

"Hulipendi jambo hili," alimkumbusha.

"Silipendi. Lakini jana walikucheka, na aliyekutukana ni wa tumbo langu, na aliyewapa sababu ni yule mwenye tai. Yule wa tumbo langu nimeshamtoa. Amebaki mwenye tai."

* * *

Paskali aliwatambua tangu mlangoni, akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta. Alipoinuka alikuwa ameshaandaa maneno. Mashine ni nzima. Inawaka. Inaandika. Gemu halikuwa sehemu ya mapatano, na mhuri upo, wausome.

"Nilikwambia kadi ya picha yake peke yake," Nassoro alisema. "Ukaniambia zote zinazo."

"Mzee, nilikuelewa vingine. Samahani sana. Lakini bidhaa ikishauzwa..."

Nassoro hakumngoja amalize. Alivuta kiti akakaa mbele ya kaunta, akapandisha suruali, akafungua mikanda. Watu waliokuwa dukani, mama mmoja na bintiye na mwanamume mwenye mkoba, waliacha walichokuwa wakifanya. Nassoro aliuchomoa mguu pamoja na soksi na kiatu chake, akausimamisha juu ya kaunta ya kioo, katikati ya simu na chaja.

"Huu nilipewa hospitali," alisema, wala hakupaza sauti. "Wa kwanza ulikuwa unanibana. Nikaurudisha. Hawakuniambia ukishatoka haurudi. Walinikalisha, wakanipima upya, wakatengeneza unaonitosha. Sasa wewe una nini dukani kwako kikubwa kuliko mguu wa mtu?"

Paskali aliutazama ule mguu. Kiatu kilikuwa kimepigwa rangi vizuri, kamba imefungwa kwa mafundo mawili.

"Mzee, tafadhali utoe. Wateja wataogopa."

"Mimi sina haraka. Leo hata basi la mwisho likiondoka, liondoke."

Umeme ulikuwepo siku ile, feni zikivuma, na wateja waliingia kwa wingi. Kila aliyeingia Mwajuma alimwamkia. Karibu, mwanangu. Shikamoo, baba. Unataka kununua kompyuta? Vizuri. Kabla hujanunua, waambie wakuwashie, wakuingizie unachotaka, ukione kwa macho yako. Sisi tumetoka Malindi, Lushoto, hatukuonyeshwa. Aliyasema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia ya msikiti, na hakumtukana mtu. Wengine walitoka. Wengine walibaki wakawa wanawasha kila kitu.

Paskali alijaribu kila alichojua. Aliwaahidi mkoba wa bure. Aliongeza mausi. Aliwaahidi nusu ya fedha, kisha zaidi ya nusu. Baadaye akasema ataita polisi, na Nassoro akasema aite, maana polisi wengi wa Tanga amewapandisha Mtae bila nauli, watafurahi kumwona. Njaa ilipowashika, Mwajuma alitoa viazi vya kuchemsha kwenye kikapu, wakala palepale, wakamkaribisha Paskali naye akakataa huku anameza mate.

Baada ya alasiri akaingia mwenye duka mwenyewe, Bi Fatuma, mwanamke mnene wa buibui lenye nakshi, funguo mkononi. Aliuona mguu kabla ya kumwona mwenye mguu.

"Hii ni nini?"

"Ni wangu, Bibi," Nassoro alisema. "Nangoja kubadilishiwa laptopu."

Alisimuliwa na pande zote mbili. Hakumwomba radhi mtu wala hakumkemea Paskali mbele ya wageni. Alikuwa mfanyabiashara, na alichokuwa akikitazama ni mlango, na watu waliosimama mlangoni wakisikiliza. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akarudi amekumbatia kitu cheusi kipana kama sinia, akakibwaga kando ya mguu.

"Kadi ya picha unayotaka, iko humu. Ilikuja na mzigo wa Dubai na hakuna aliyeigusa. Ni nzito, betri imekufa, lazima ikae kwenye umeme muda wote, na bawaba yake moja imevunjika. Watu wanataka za kubeba."

"Mimi siendi nayo popote," Nassoro alisema. "Iwashe."

Ilikuwa mbaya kweli. Mfuniko ulikuwa na mikwaruzo, na herufi moja ya kibodi ilikuwa imeng'oka. Ilipowaka ilivuma kama jiko la mafuta ya taa la kupampu. Nassoro alimpa Bi Fatuma sidii, Bi Fatuma akaingiza kwa mkono wake mwenyewe, na watu wa mlangoni wakasogea.

Lori jekundu likatokea uani. Nassoro akabonyeza.

Likaondoka. Liliondoka polepole, na zito, kama lori linavyopaswa kuondoka, magurudumu yakageuka, kivuli chake kikafuata chini. Akalipitisha langoni, akalikunja kushoto taratibu akingoja mkia uje, akaingia barabara kubwa, na milima ikaanza kupita kushoto na kulia pasipo kuruka hata kidogo. Alisahau kwamba yuko dukani. Watu waliomtazama waliona bega lake la kulia limeshuka kidogo na paja lisilo na mguu likikaza kila alipoongeza mafuta.

Mwajuma naye aliliona lile paja. Akatazama pembeni, kwenye feni.

"Hii utaongeza kidogo," Bi Fatuma alisema hatimaye. "Ile niliyokuuzia ni bei ya chini."

Nassoro akaondoa vidole. Fedha haikuwepo. Iliyobaki nyumbani ilikuwa ya mabati na dawa, na hiyo hakuwa tayari kuigusa hata kwa lori hili.

"Nyongeza umeshaipata," Mwajuma alidakia. "Kuja kwetu mara mbili, nauli na jua la hapa kwenu. Na tangu asubuhi nakufundishia wateja wako kununua. Hiyo nayo ni kazi, Bi Fatuma, na sijakudai."

Kifua cha Bi Fatuma kikatikisika. Alikuwa anacheka.

"Chukueni. Na mzee, vaa mguu wako, tafadhali." Alipokuwa akifunga ile mashine kwenye boksi, akauliza, "Utaiwekea wapi? Stendi? Watoto wanalipa vizuri kwa mchezo mmoja."

"Nyumbani."

"Sasa itakuingizia nini?"

"Haitaniingizia kitu."

Bi Fatuma alisimamisha gundi ya karatasi hewani. Alionekana kutaka kuuliza tena, pengine hakusikia vizuri. Kisha akaendelea kufunga.

* * *

Issa alirudi Malindi siku ya soko, jua likianza kuteremka, na hakuja peke yake. Alimleta baba yake mkubwa, Mzee Hashimu, kaka wa Nassoro, ambaye maneno yake katika ukoo hayakupuuzwa. Kutoka nje walisikia injini, nao walijua hakuna gari uani.

"Onga mshi," Hashimu alisalimu kwa Kishambaa, akainama kuingia.

"Shikamoo, kaka. Karibu," Nassoro alijibu bila kusimama. Laptopu nyeusi ilikuwa juu ya meza ya chakula, bawaba iliyovunjika imeegemezwa kwa tofali. "Kaa. Nikiegesha nitakupa mkono. Hapa pana mteremko."

Hashimu alikaa. Issa hakukaa. Alitoa mfukoni bahasha ya duka la dawa, akaiweka mezani kando ya kibodi.

"Baba, shikamoo. Nilikosea kusema vile mbele za watu. Mbele ya baba mkubwa naomba radhi." Akaisogeza bahasha mbele. "Dawa hizi hapa, za kutosha. Mimi nitakuwa nazileta. Lakini mashine hii nipe niipeleke stendi, tuweke chumba, vijana walipe. Angalau ionekane kwamba baba alikuwa na akili ya biashara. Nikipita sokoni wananiuliza, bosi, mzee wako amefika wapi na lori? Naona aibu, baba. Sikufichi."

Nassoro alipunguza mwendo, akaliegesha lori kando ya barabara. Alifanya hivyo kwa ukamilifu, hadi likasimama kabisa. Kisha akaichukua ile bahasha akamrudishia mwanawe mkononi.

"Radhi nimepokea," alisema. "Mashine sitoi. Nimeendesha tangu hujazaliwa, Issa, na kila safari ilikuwa ya mtu. Ya shirika, shirika likauzwa. Ya tajiri, tajiri akaniambia pole siku nilipokatwa, akaweka dereva mwingine kesho yake. Sikuwahi kuwasha gari kwa sababu mimi mwenyewe nataka kwenda. Hii ndiyo ya kwanza. Haibebi abiria, haileti hesabu jioni. Ukiona aibu, ione. Mimi sina."

"Na dawa?"

"Nilizitenga kwenye fedha za miti. Zikiisha, juu kule bado kuna miti."

Issa alibaki na bahasha mkononi. Hapo Mwajuma akatoka jikoni, mikono ina unga, akainyakua.

"Dawa tunapokea," alisema. "Wewe ni mtoto wake. Dawa za baba yako si bei ya kitu, huji kununulia chochote hapa. Utazileta na mashine itakaa hapohapo. Umenielewa?"

Issa alimtazama baba yake mkubwa amsaidie. Hashimu alikuwa amevaa miwani. Alikuwa ameinamia kioo, pua karibu ikiguse.

"Nassoro," aliuliza, "umebeba nini humo nyuma?"

"Matairi."

"Unayapeleka wapi?"

"Mji mmoja wa wazungu. Jina siliwezi. Mbali."

"Na lami yote hiyo, huko kote?"

"Kote. Hakuna shimo hata moja."

Hashimu alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za peponi, akasogeza kiti chake mbele. Issa akarudi nyuma hadi mlangoni. Hakutoka na hakuingia. Alisimama kizingitini, funguo za Kanta zikining'inia kidoleni, akitazama huku anajifanya anatazama uani.

Nassoro aliweka vidole mahali pake ili aondoke. Mwajuma alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti chake.

"Nipishe," alisema.

"Nini?"

"Nipishe nikae. Miaka yote hiyo nimeolewa na gari na sijawahi kushika hata usukani."

Nassoro aliinuka akishikilia meza, akampa kiti. Mwajuma alijifuta unga kwenye khanga, akakaa wima kabisa, akauliza kipi ni cha mafuta. Akaonyeshwa. Akabonyeza kwa nguvu zote, kama anayesukuma mlango uliokwama. Lori lilinguruma, likatoka kando ya barabara, likavuka lami yote, likavunja uzio na kuingia kwenye shamba la mtu, shamba la ngano lisilo na mwisho. Hashimu alipiga kelele. Mlangoni Issa alicheka, akajishika mdomo, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka.

"Barabara iko kushoto, Mama Issa," Nassoro alisema.

"Nimeiona," Mwajuma alijibu, na kidole hakukiondoa.